Nyekundu ya Kahawa

Watu wa Litembo walimsamehe Leopold mambo mengi, lakini jambo la baridi hawakumsamehe. Mwanamume mzima, mzaliwa wa Liuli, aliyekulia kando ya Ziwa Nyasa, kwenye dagaa waitwao usipa, ambako watu hulala madirisha wazi, alivaa makoti mawili kuanzia Mei mpaka Agosti, na juu yake kofia ya sufu aliyofumiwa na mkewe. Shemeji zake wakimwona anateremka asubuhi katika ukungu humwitia kutoka ng'ambo ya bonde, "Mla usipa! Jua lako umeliacha wapi?" Naye huwajibu kwamba amelisahau kwa dada yake, atalifuata kipupwe kikiisha. Utani huo aliuoa pamoja na mke, na kusema kweli asingependa upungue.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Alitengeneza za shule, za maduka ya Mbinga mjini, na mwaka huu alikuwa ametengeneza moja iliyomkaa moyoni kuliko zote: mwongozo wa kilimo kwa ajili ya Kikundi cha Tusichoke, kikundi cha akina mama wa kahawa ambacho mkewe Bonifasia alikuwa mmoja wao. Mtu anafungua simu yake, anasoma kazi hatua kwa hatua. Kuna kurasa za ngolo, yale mashimo yanayochimbwa miteremkoni ili mvua isiondoke na udongo. Kuna kurasa za kupogoa, za kuchuma, za kuanika. Na kwa kuwa damu nzito kuliko maji, hata maji ya ziwani, aliongeza kurasa chache za kuanika usipa kwa ajili ya dada yake Eunice na wenzake kule Liuli.

Tovuti hiyo hakuichonga kutoka kwenye gogo. Alitumia kifurushi cha bure ambacho mafundi wa nchi nyingi hukitumia kuandikia miongozo. Kifurushi huja na vipande vyake vimeshaundwa: kichwa cha ukurasa, orodha ya pembeni, vitufe vya kwenda mbele na kurudi nyuma, na visanduku vya rangi vya kushauri na kuonya. Fundi kazi yake ni kuandika maneno, vipande vinajipanga vyenyewe.

Visanduku vile ndivyo vilivyompendeza zaidi. Cha kijani kina alama ya balbu: fanya hivi. Chekundu kina alama ya mwali wa moto: usithubutu. Juu vilikuja na vichwa vya Kiingereza, na Leopold badala ya kuvitafsiri akavifuta, kwa sababu aliona rangi inatosha. Nani duniani haijui nyekundu? Alijipongeza kwa ufupi huo. Nyumbani alikuwa msemaji kupita kiasi, ila kwenye kurasa alikuwa bahili wa maneno.

Kikundi hakikuupokea mwongozo kwa vigelegele. Katika kikao cha Machi mwenyekiti, Mama Scholastica, aliyekuwa mama mkubwa wa Bonifasia na mwenye ulimi usio na breki, aliishika simu kwa vidole viwili kama anayeshika panya.

"Tangu lini kahawa ikafundishwa na simu?" aliuliza. "Na simu yenyewe imefundishwa na mtu wa usipa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu tutapona kweli?"

Wanawake wakacheka. Leopold, aliyekuwa amesimama mlangoni na makoti yake, akacheka pia, huku akijifunga vifungo vya koti la juu. Hapo ndipo Bonifasia aliposimama. Bonifasia alikuwa msimamizi wa vichanja, zile meza ndefu za wavu ambako kahawa ya kikundi huanikwa, na kazi hiyo aliipenda kama wengine wanavyopenda kuimba kwaya. Alisema kwamba mwaka huu wanataka kujaribu kahawa ya asali, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitengeneza, na bwana shamba huja anapopata usafiri. Basi wafuate mwongozo. "Na kichanja cha kwanza kiwe changu," akasema. "Kahawa ya miche niliyoipanda kwa mkono wangu. Ikiharibika, imeharibika yangu."

Mama Scholastica alimtazama, akaitazama simu, akasema haya.

Kahawa ya asali si kwamba ina asali. Tunda likishamenywa ganda la nje, punje hubaki na utelezi wake mtamu, na badala ya kuoshwa kwa maji kama ilivyo desturi, huanikwa hivyo hivyo na utelezi wake mpaka ikauke. Ikifanywa vizuri hunukia kama matunda. Ikifanywa vibaya, kila mtu kijijini hujua kwa pua.

Julai, siku ya Jumatatu, Leopold alirudi kutoka Mbinga kwa bodaboda, na kabla hajashuka akaisikia harufu. Ilikuwa harufu ya pombe iliyosahauliwa. Akafuata njia ya miguu mpaka uwanja wa vichanja, akawakuta wanawake wamesimama kimya, jambo ambalo kwao halikuwa la kawaida. Mama Scholastica alikuwa amezamisha mkono kwenye kichanja cha kwanza. Kahawa ilikuwa imerundikwa nene, unene wa godoro, na alipouinua mkono punje zilikuja zimeshikana bonge, ndani zina ukungu mweupe.

"Nani aliyesema irundikwe hivi?" aliuliza.

"Mimi, Mama mkubwa," alisema Bonifasia. "Mimi ndiye niliyesema iwe nene. Kosa ni langu."

"Langu, langu. Kahawa hii imekuwa mbolea." Mama Scholastica alijipangusa mkono kwenye majani. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sikiliza, mwanangu. Kahawa ni yako, hasara ni yako, hapo sina neno. Lakini mtu asiyejua kutandaza kahawa hawezi kusimamia vichanja vya watu. Jumapili baada ya misa tutakaa, tutamchagua mwingine."

Bonifasia aliitikia kwa kichwa tu. Leopold aliuona uso wake, akaona jinsi alivyokaza midomo, akajua kwamba mkewe anajizuia asilie mbele za watu.

Sasa, mwongozo ulisema nini? Ulikuwa na picha mbili. Moja ya kahawa iliyotandazwa tabaka jembamba, punje zinaonana na jua. Nyingine ya kahawa iliyorundikwa. Ya kwanza ilikuwa ndani ya kisanduku cha kijani, ya pili ndani ya chekundu, na chini yake maneno mawili mawili: "Tabaka jembamba", "Tabaka nene". Leopold aliukumbuka ukurasa ule vizuri, maana alikuwa ameupenda. Usiku ule mezani alishindwa kuvumilia.

"Mama Sixbert," alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, "lakini ukurasa unasema jembamba."

Bonifasia aliendelea kumchagulia mtoto maharage. "Umeandika vizuri, Baba Sixbert. Mimi ndiye sikusoma vizuri. Yameshapita."

Na yule bwana akaamini! Hapa ndipo mtu angependa kumshika sikio. Mwanamke anayejua kahawa tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, anayesoma waraka wa parokia kanisani bila kukwama, anasema hakusoma vizuri picha mbili, naye mumewe anaitikia mhm na kuomba mchuzi uongezwe. Siku mbili nzima Leopold alimhurumia mkewe, na kwa pembeni kidogo aliuhurumia ukurasa wake pia, kwamba umeandikwa vizuri na bado haukufuatwa. Huruma ya aina hiyo haimsaidii mtu yeyote.

Alhamisi Bonifasia alimtuma shambani akasaidie kuchuma. Miche ilikuwa na matunda ya mwisho, na kaka yake Bonifasia, Kiliani, tayari alikuwa huko na kikapu kiunoni. Ukungu ulikuwa haujaondoka bondeni. Leopold alivua glavu, akaanza. Mkono mmoja unashika tawi, mwingine unapita. Miaka sita ya kuoa Umatengo, kwa watu wa milima hii ya kahawa, ilikuwa imemfundisha: hatazami sana, vidole vinajua. Alikuwa akiwaza Jumapili, akiwaza mkewe atakavyokaa pale mbele na kumsikia mwingine akitajwa, mpaka akawa anachuma bila kuona anachochuma.

"Shemeji!" Kiliani alimpigia kelele. "Unanichumia kijani! Kijani kinakuhusu nini? Kijani kiache, bado hicho. Chukua chekundu, chekundu ndicho kinachokuita."

Leopold aliangalia kiganjani. Kweli, katikati ya matunda mekundu kulikuwa na moja la kijani, gumu kama jiwe. Akataka kulitupa, mkono ukasita hewani.

Kijani kiache. Chukua chekundu.

Alisimama pale na tunda lile mpaka Kiliani akauliza kama amepatwa na kichomi. Akilini alikuwa Liuli. Alikuwa mtoto, na bibi yake anafunga kitambaa chekundu kwenye mti pale mto unapoingilia ziwani, kwa sababu mamba ameonekana. Watoto wote walikijua kitambaa kile. Ukikiona, hukanyagi maji. Nyekundu yake Leopold ilitoka hapo, na popote alipokwenda baadaye, shuleni, chuoni, kwenye mitambo na kwenye vifurushi vya mafundi, aliikuta nyekundu hiyo hiyo ikisema simama. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu ambao tangu utotoni nyekundu imewaambia: tayari, karibu, hiki ndicho. Na kijani kimewaambia: ngoja, ukigusa utaharibu.

Aliteremka mteremko mbio, akiruka kutoka ukingo wa ngolo moja hadi nyingine, kikapu kikimpiga pajani na Kiliani akimcheka nyuma.

Bonifasia alikuwa uani anafua. Leopold alimwonyesha simu, ukurasa ule ule wa picha mbili, na kwa kuwa alikuwa hana pumzi alisema maneno machache kuliko kawaida yake. "Niambie kweli. Ulipofungua hapa, ulifuata kipi?"

Bonifasia aliacha kufua. Halafu, kwa kidole chenye povu, akagusa kisanduku chekundu.

"Kwa nini?"

"Si ndiyo imeiva," alisema. "Hiki cha kijani nilijua ni ile ambayo bado. Nikashangaa kidogo kwa unene, lakini nikauona huu moto uliouchora hapa. Nikasema, kumbe kahawa ya asali inataka joto, inarundikwa kama unga wa maandazi unaofunikwa uumuke. Wenzangu wote walisema hivyo hivyo." Aliifuta simu kwa upindo wa kanga. "Baadaye ilipoanza kunuka nikarudi nikaisoma tena na tena, ndipo nikaelewa ulichokuwa unataka kusema."

"Ukanyamaza! Ukasema kosa lako!"

"Ulitaka niseme nini, Baba Sixbert? Niseme mbele ya Mama mkubwa kwamba mume wangu kaandika upotofu? Machi nilisimama kwa ajili yako. Julai nikae?"

Aibu ilimpanda Leopold mpaka masikioni, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na upendo mwingi kiasi kwamba hakujua aushikie wapi. Akaishia kuchukua shati lililokuwa kwenye beseni na kulikamua yeye. Bonifasia alimwacha alikamue. Alikuwa hajui kukamua.

Ijumaa asubuhi jua lilitoka mapema. Leopold aliketi mlangoni na kompyuta yake mapajani, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Kifurushi kile kilikuwa na zana yake, haina vitufe wala picha: unaiandikia amri, nayo inakuletea kipande chochote cha tovuti ili ukibadilishe. Inakupa njia mbili. Ya kwanza ni kuking'oa: inanakili kipande kizima, na matumbo yake yote, inakuwekea kwenye shamba lako. Kuanzia siku hiyo ni chako, ukikate, ukigeuze. Ila waundaji wakiboresha cha kwao, chako hakitaboreshwa, na kikiharibika usimlilie mtu. Ya pili ni kukivisha: kipande chenyewe kinabaki kwa wenyewe, wewe unakishonea nguo ya juu. Ni sawa na nyumba ya kupanga. Pazia utaweka lolote upendalo, lakini ukivunja ukuta, umeshajitwisha paa.

Alikuwa na haraka, na mwenye haraka huvunja ukuta. Akaandika amri ya kung'oa kisanduku. Zana ikamwonya kwamba kipande hiki si salama kung'olewa, ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo. Faili zikamwagika. Akaziingia, akabadilisha rangi na alama zake: palipo na kijani pawe pekundu, palipo na pekundu pawe kijani. Kazi ya kunywa kikombe kimoja cha chai. Akafungua ukurasa, akaona kahawa nyembamba imekaa kwenye wekundu wake, akatabasamu. Alibakiza kuupandisha tu hewani.

Simu ikalia. Dada yake Eunice, kutoka Liuli.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hujafa na baridi huko?"

"Bado bado."

"Nimepiga kukushukuru, mdogo wangu. Ule mwongozo wako! Jana wale wapya walitaka kumwaga usipa juu ya mchanga, kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Nikawafungulia simu, nikawaambia tazameni wenyewe. Walipoona nyekundu tu, wakarudi nyuma kama wameona mamba. Leo usipa uko juu ya vichanja, msafi, hauna chembe ya mchanga."

Leopold aliutazama ukurasa wa usipa kwenye kompyuta yake. Mchanga ulikuwa umekaa ndani ya kisanduku cha kijani, na balbu yake inang'aa kwa ukarimu. Amri moja zaidi, na dada yake angeambiwa amwage usipa mchangani kwa baraka zote.

"Umenyamaza nini?" Eunice aliuliza.

"Nakushukuru, dada. Umenishika mkono."

"Nimekushika mkono wapi?"

"Nitakueleza nikija. Nitakuja na kahawa."

Alifuta kila alichong'oa. Hakuumia, afadhali kubomoa asubuhi kuliko kubomolewa mchana. Akaandika amri ya pili, ile ya kuvisha, na safari hii zana haikumwonya kitu. Ilimpa faili moja ndogo, tupu kama kitambaa ambacho hakijakatwa, na ndani yake kisanduku cha asili kikiwa kizima. Leopold akaanza kushona. Kwenye kurasa za usipa, nguo isiweke mkono. Kisanduku kionekane kama kilivyokuja. Kwenye kurasa za kahawa, kisanduku kivae kahawa.

Lakini kahawa huvaaje? Hapo alimwita mkewe, maana alishajifunza. Bonifasia alileta kigoda, akaketi, akakunja mikono.

"Unapochuma, kuna mambo mangapi?" aliuliza Leopold.

"Matatu. Kuna iliyoiva, unachukua. Kuna ambayo bado, unaiacha. Na kuna nyeusi, iliyooza au kuliwa na wadudu, hiyo unachambua unatupa."

"Ya kijani haitupwi?"

"Utupe kijani?" Bonifasia alimwonea huruma. "Kijani ni ya wiki ijayo."

Leopold alikaa na hilo. Kumbe hata kugeuza rangi kusingetosha: angewaambia watu kwamba kurundika kahawa ni jambo la kufanya wiki ijayo. Akaviandika visanduku vitatu. Chekundu, juu yake "Imeiva", na tunda jekundu mahali pa alama. Cha kijani, "Bado", kwa ajili ya kazi za kungoja, kama kungoja umande ukauke kabla ya kufunua vichanja. Cheusi, "Tupa". Moto na balbu vikaenda zao. Na maneno aliyokuwa ameyafanyia ubahili akayarudisha: tandaza tabaka jembamba, unene wa kidole, geuza mara kwa mara, usirundike, itachacha. Bonifasia alikuwa akimsomea nyuma ya bega, akimsahihisha. Walibishana kuhusu kidole, kama ni cha mwanamume au cha mwanamke, wakacheka, wakaandika cha mwanamke. Mchana Leopold alipanda mpaka karibu na kanisa, ambako mtandao huwa na nguvu, akautuma ukurasa uende zake.

"Jumapili utaniachia mimi niseme," alimwambia mkewe walipokwenda kulala. Bonifasia alimsogezea blanketi.

Misa ilipoisha wanawake wa Tusichoke walikusanyika kwenye ua wa ghala la kikundi, wamevaa kanga zao za kanisani. Bonifasia alikaa mbele, mgongo wima. Kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, Leopold alisogea.

"Shikamoo Mama mkubwa."

"Marahaba. Wewe si mwanachama."

"Naomba dakika moja. Nina swali kwako wewe, la kahawa."

Mama Scholastica alipenda kuulizwa maswali ya kahawa, na kila mtu alilijua hilo. Alinyoosha mkono. Leopold akampa simu yenye ukurasa wa zamani, aliouhifadhi makusudi kabla ya kuubadilisha. "Hizi picha mbili, Mama mkubwa. Usimuulize mtu. Tuseme kesho unaanika wewe. Unafuata ipi?"

Mwenyekiti aliisogeza simu mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena. Hakuchukua muda. Kidole chake kikatua kwenye nyekundu.

"Hii," alisema. "Iliyoiva. Na moto wake huu hapa, ya kijani ni ya kitoto." Kisha akaiona picha iliyomo ndani ya wekundu ule, kahawa iliyorundikwa unene wa godoro, na kidole kikabaki pale pale.

Ua mzima ulikuwa umeshaona. Mtu mmoja alianza kucheka nyuma, akajaribu kukimeza kicheko, kikamtoka puani. Wakafuata wengine, mpaka kanga za kanisani zikawa zinafuta machozi. Mama Scholastica alingoja. Mdomo wake mwenyewe ulikuwa unacheza pembeni.

Leopold hakucheka. "Mama mkubwa, mama zangu," alisema, "Mama Sixbert alisoma sawasawa. Alisoma kama ambavyo yeyote kati yenu angesoma. Aliyekosea ni aliyeandika. Mimi nimeletwa na maji. Kwetu nyekundu ni kitambaa cha mamba. Nimekaa kwenu miaka sita, nachuma nyekundu kila Julai, nikaandika kama mtu ambaye hajawahi kuugusa mbuni. Yeye aliliona hilo kabla yangu, akalibeba peke yake ili mimi nisichekwe. Kahawa yake imeoza kwa ajili yangu. Nisingependa na jina lake lioze."

Bonifasia alikuwa ameinamisha kichwa, na safari hii hakukaza midomo. Machozi yalimtoka, naye aliyaacha.

Leopold akafungua ukurasa mpya, simu ikapita mkono kwa mkono. Wanawake waliusoma kwa sauti, mmoja akimrukia mwenzake. Imeiva! Bado! Tupa! Ilipomrudia mwenyekiti alisoma yote, mpaka mwisho, mdomo ukitembea. Alipofika kwenye kidole cha mwanamke akaangalia kidole chake mwenyewe, akakikubali.

"Ulikuwa unataka kuniaibisha mbele ya kikundi changu," alimwambia Leopold.

"Hapana, Mama mkubwa. Nilitaka mtu ambaye hakuna atakayesema hajui kahawa."

"Mhm." Alimrudishia simu. Kisha akamgeukia binti wa mdogo wake. "Bonifasia. Ile iliyochumwa Alhamisi iko wapi?"

"Ipo, Mama mkubwa. Ijumaa niliimenya. Nimeitandaza nyumbani kwenye mkeka, sikujua kama..."

"Mkeka? Kahawa ya asali kwenye mkeka, na vichanja viko wazi?" Mama Scholastica alisimama, akajifunga kanga kiunoni. "Msimamizi gani huyu anayetuweka hapa juani wakati kahawa inangoja? Twendeni tukaibebe. Kikao kimekwisha."

Waliibeba wote, mabeseni kichwani, wakiimba. Bonifasia alisimamia kutandazwa kwake punje kwa punje, akiwapima unene kwa kidole, na mwenyekiti mwenyewe akaambiwa kwenye pembe yake apunguze, naye akapunguza. Harufu iliyopanda kutoka kwenye wavu ilikuwa tamu.

Jioni walirudi nyumbani wao wawili kwa njia ya bondeni. Bonifasia alitembea mbele. Alipofika kwenye kijito alingoja, akampa mumewe mkono, kwa kuwa mawe yanateleza na mtu wa ziwani huwa hajui kuvuka maji madogo.

"Ulisimama," alisema.

"Ningekaaje?"

Kutoka ng'ambo sauti ya Kiliani ikavuma. "Mla usipa! Nasikia leo mmemchemsha mwenyekiti! Jua lako limerudi?"

Leopold aligeuka akajibu kwa nguvu zake zote kwamba limerudi, liko hapa, amelishika mkono. Kisha akavua koti moja.